Mbele ya kununua mashini, uliza kwanza: inafunguka?



Kuko mashini moja kwenye njia ya Kabambare, chini ya mwembe, imefunikwa na bashi. Nitaanza na ile, sababu saini yangu iko juu ya karatasi yake.

Miaka tatu iliyopita, projé moja ilileta mashini ya kukoboa mupunga kwa kikundi cha wakulima. Ilikuwa nzuri ya kuangalia: sanduku moja ya chuma yenye rangi, motere ndani, kinu ndani, pepeo ya kutenga pumba ndani. Unamimina mupunga juu, unapokea muchele mweupe chini. Mimi nilikuwa nimetoka tu kumaliza licence ya agronomia, wakanichukua nifuate kazi. Siku ya kupokea, niliangalia kama inawaka, niliangalia muchele unaotoka, nikapiga saini. Wamama walipiga vigelegele.

Ilifanya kazi miezi kumi na moja. Kisha jino la gurudumu dogo la ndani likavunjika. Gurudumu lenyewe halizidi kiganja cha mukono. Lakini liliundwa pamoja na chuma chake cha katikati, kwa kipimo cha kile kiwanda peke yake, na lilifungiwa upande usiokuwa na bulo hata moja. Fundi wa kusude alikuja, akazunguka sanduku mara mbili, akaniuliza: "Agronome, wanaingilia wapi?" Sikukuwa na jibu. Tuliandika barua, tulituma picha, tulingoja. Wamama walirudia kinu na muchi. Leo, mashini yenye motere muzima na pepeo nzima imekufa sababu ya kipande kimoja cha chuma, na mafuta yake inadondoka polepole chini ya mwembe.

Kwa muda murefu nilisema kosa ni la njia mbaya, ao la projé, ao la umbali. Sasa ninaona kosa lilianza mbele ya pale, siku mutu fulani aliketi kwenye meza na kuchora ile mashini. Na kosa la pili lilikuwa langu: niliuliza "inakoboa kilo ngapi kwa saa?", sikuuliza "inafunguka?"

Sasa kikundi kimekusanya franka zake chenyewe, mavuno kwa mavuno, na kinataka kununua mashini ingine. Wameniita tena. Njo maana nimesoma, nimeketi na mafundi, na ninawaandikia hii, sababu wengi kati yetu watapewa siku moja karatasi kama ile ya kupigia saini.

1. JEMBE LILITUFUNDISHA ZAMANI

Wenye kuchora vyombo wanasema juu ya "chombo cha moduli". Neno ni gumu, jambo ni rahisi. Ni chombo kilichogawanywa katika vipande, kila kipande na kazi yake, na mahali pa kuunganika panajulikana, hata unaweza kutoa kimoja na kuweka kingine bila kuharibu vilivyobaki. Kipande njo moduli. Mahali pa kukutana njo kiungo.

Bibi zetu walikuwa na chombo cha namna hiyo: jembe. Mupini ukivunjika, hakuna mutu anatupa jembe. Anaingia porini, anakata muti, anauchonga, na kesho asubuhi analima. Chuma kikiisha, mupini unabaki, na muhunzi anageuza chuma kilichobaki kuwa kisu.

Angalia vizuri hekima iliyo pale. Jembe halikugawanywa ovyo. Liligawanywa pale maisha ya muti yanaachana na maisha ya chuma. Muti unachoka haraka, chuma kinachoka polepole. Vitu vyenye umri tofauti havikufungwa pamoja milele, ili kifo cha kimoja kisiwe kifo cha vyote. Hii njo kanuni ya kwanza: gawanya chombo kufuata umri wa sehemu zake.

Mufano mwingine unatoka Kenya. Mwanzo wa miaka ya 1980, watu kule walichukua wazo la jiko la Thailand wakalibadilisha kufuata kazi ya mafundi wa bati wa Nairobi. Kukazaliwa jiko lenye sehemu mbili: inje koti la bati, ndani kikombe cha udongo uliochomwa. Udongo unashika joto, na kwa majaribio mengi jiko lile linapunguza makala kwa theluthi moja mpaka nusu, ukilinganisha na mbabula ya bati tupu. Lakini udongo unapasuka mbele ya bati kuoza. Ukipasuka, unanunua udongo peke yake. Mufinyanzi anapata kazi, fundi wa bati anapata kazi, na bati haitupwi. Majiko ya namna ile yamefika mpaka Goma. Pori linapona mara mbili: kwa makala inayobaki, na kwa chombo kisichotupwa.

2. KINGA: KIPIMO KIWE CHA WOTE

Kufunguka peke yake hakutoshi. Angalia kinga, ile kubwa nyeusi inayobeba mafuta ya mawese, karanga na mupunga kutoka Kabambare. Nani kati yetu hakusomeshwa na jasho la kinga? Mutu anaweza kusema "hii kinga ni ya marehemu baba", kumbe mipira imebadilishwa mara ishirini, munyororo mara tano, reyo hazihesabiki, na kadre imesudiwa sehemu tatu. Lakini baba yake aliipanda, na yeye anaipanda.

Siri iko wapi? Mupira wa 28 unaingia kwenye janti ya 28, hata kama mupira umetoka China na janti imetoka India. Reyo ni reyo. Gololi za katikati ni gololi. Viwanda vingi vilikubali kipimo kimoja, na hakuna mwenye funguo yake peke yake. Kwa hiyo fundi wa chini ya muti, mwenye kle tatu na nyundo, ni mukubwa kuliko kiwanda.

Kwenye mashini pia iko hivyo. Chukua rulema, ile pete yenye mipira midogo ya chuma ndani inayosaidia chuma kuzunguka. Iko na namba imeandikwa ubavuni. Rulema namba 6205 iko na tundu la milimetre 25, upana wa inje milimetre 52, unene milimetre 15. Ni hivyo Kasongo, ni hivyo Lubumbashi, ni hivyo Shanghai. Mukanda wa namna B uko na upana wa milimetre 17 kila mahali. Ukimupigia ndugu simu Bukavu, humwambii "nitafutie kitu kama duara". Unamwambia namba nne, na ananunua bila kukosa. Kanuni ya pili: kiungo kiwe na kipimo cha watu wote.

Gurudumu letu la chini ya mwembe halikukuwa na namba. Lilikuwa na jina la kiwanda.

3. PIESI NA FUNDI WAKO WAPI?

Kanuni ya tatu nimeipata kwenye hadithi ya telefone. Mwaka 2013 kampuni Fairphone ilianza Amsterdam, Uholanzi, kwa kutaka telefone isiyoumiza watu na dunia. Hadithi yao inatugusa: kati ya mambo yao ya kwanza, waliingia katika mupango wa kununua bati iliyotoka kwenye kasiterite ya Nyabibwe, kule Kalehe, Kivu ya Kusini, bila damu ya vita ndani. Mwaka 2015 walitoa Fairphone 2. Kioo, batri, kamera, spika, kila kimoja kipande chake, na mutu anavitoa mwenyewe nyumbani na turnevisi.

Lakini angalia telefone yao ya kwanza, ile ya 2013. Ingawa kampuni ilikuwa na nia nzuri, mwaka 2017 ilitangaza kwamba haiwezi tena kupata piesi zake, sababu viwanda vilivyoziunda vilikuwa vimeacha. Telefone ilikuwa inafunguka, lakini hapakuwa na cha kuingiza. Mulango uko wazi, nyumba ni tupu.

Kwa sisi wa Kasongo, hii kanuni ya tatu njo nzito kuliko zote. Chombo kinaweza kuwa cha moduli kwenye karatasi, lakini kama piesi ya karibu iko safari ya wiki mbili, na njia imekatwa na mvua kwenye bonde la Luama, chombo kile kwetu ni sanduku iliyofungwa. Moduli haiishi kwenye chombo peke yake. Inaishi kwenye soko, kwenye mukono wa fundi, na kwenye njia.

4. MAZINGIRA YANAINGIA WAPI?

Mutu ataniuliza: "Agronome, hii ni habari ya ufundi. Mazingira yako wapi?"

Yako mwanzoni na mwishoni mwa chombo.

Tuanze na mwanzo. Tumezoea kufikiri kwamba uchafu ni moshi unaoona wakati mashini inafanya kazi. Kwa motere ya mazutu ni kweli, moshi wa kila siku ni mwingi. Lakini kwa vyombo vidogo kama telefone, sehemu kubwa ya madhara imekwisha kufanyika mbele wewe hujakiwasha hata mara moja. Taasisi ya Ujerumani, Fraunhofer IZM ya Berlin, ilipima Fairphone 2 kutoka machimbo mpaka takataka, na ikaona kwamba kuiunda njo kunaleta sehemu kubwa ya gesi zinazopasha dunia joto. Umeme wa kuichaji ni kidogo.

Na sisi, watoto wa Maniema, hatuhitaji maabara kulielewa. Ndani ya telefone muko bati ya kuunganisha nyaya na muko dhahabu kidogo kwenye viungo. Kasiterite tunaijua, inachimbwa kule Pangi. Dhahabu tunaijua, iko Namoya na Salamabila, inchi ya Kabambare. Shimo linachimbwa kwetu, udongo wa juu unapotea kwetu, muto unageuka matope kwetu. Kila telefone inayotupwa mbele ya wakati wake inaita ingine, na ile ingine inaita shimo lingine.

Fanya hesabu ya shuleni. Tuseme muzigo wa kuunda chombo ni 60. Kikiishi miaka 2, kila mwaka unabeba 30. Kikiishi miaka 6, kila mwaka unabeba 10. Hukugundua dawa mupya, hukununua teknolojia ya ajabu. Umeongeza tu maisha. Hiyo njo faida kubwa ya moduli kwa mazingira: inagawanya madhara ya mwanzo kwa miaka mingi zaidi.

Sasa mwisho. Chombo kikifa, kinaenda wapi? Kasongo hakuna kiwanda cha kukipokea. Kinaenda nyuma ya nyumba.

Mama yangu alikuwa na taa ya jua, ndogo, iliyofungwa kwa gundi. Kwa wengi wetu, ambao waya ya umeme haifiki nyumbani, taa ile ni kitu kikubwa: mutoto anasoma, mama anapika, mugonjwa anaangaliwa usiku. Baada ya mwaka na nusu ikaanza kuzima saa mbili za usiku. Pano yake ilikuwa nzima, balbu nzima. Batri njo ilichoka. Tuliivunja kwa kisu, na ndani tukakuta batri ya duara ya namna 18650. Jina lake lenyewe ni kipimo: milimetre 18 upana, milimetre 65 urefu, na mafundi wa telefone wanaitoa kwenye ordinateur zilizokufa. Maana yake kipande kilikuwa cha watu wote, lakini nyumba yake ilikuwa imezibwa. Visi nne tu zingeokoa taa ile. Na musijaribu kusude batri ya litiamu kwa moto mukali ao kugusanisha ncha zake: inaweza kulipuka. Chombo kilichofungwa kwa gundi kinamusukuma mutu kufanya hatari.

Batri kubwa za gari, zile tunafunga na pano, ni hatari zaidi. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni plombi, na ndani muko asidi. Nimeona watu wanamwaga asidi chini, wanatoa plombi, wanaiyeyusha jikoni kutengeneza uzito wa nyavu. Plombi inaingia kwa vumbi, kwa maji, kwa mikono ya watoto, na inaharibu ubongo wao. OMS inasema hakuna kiasi cha plombi ndani ya damu kisicho na hatari.

Kama munafikiri ninaogopesha watu, sikilizeni habari ya Mombasa. Kwenye mutaa wa Owino Uhuru kulikuwa kiwanda cha kuyeyusha batri za gari za zamani ili kutoa plombi. Watu waliugua, watoto waliugua. Mama mumoja aliyekuwa ametumika pale, Phyllis Omido, aligundua kwamba mutoto wake mwenyewe alikuwa na plombi mwilini. Alipigana mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, akapewa zawadi ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamua wakaaji walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kile kiwanda kilikuwa kinaitwa cha "kurudisha vitu kazini". Nia peke yake haitoshi. Mutu anayechora chombo anapashwa kujua pia nani atakifungua siku ya mwisho, na kwa mikono gani.

5. LAKINI MODULI SI UGANGA

Sitaki muondoke hapa mukisema kila kitu kikigawanywa ni kizuri. Kuko mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza: kila kiungo ni kitu zaidi. Kwenye telefone, kiungo kinahitaji dhahabu na shaba yake. Kwenye mashini kinahitaji bulo, chuma, nafasi. Kwa hiyo siku ya kwanza, chombo cha moduli kinaweza kuwa kizito kuliko kilichofungwa, na muzigo wake wa kuunda ni mukubwa kidogo. Faida inakuja tu kama kweli kinatengenezwa na kinaishi zaidi. Google ilianza kuunda telefone ya vipande, Project Ara, watu wabadilishe vipande kufuata hamu yao, kisha mwaka 2016 ikaiacha. Kubadilisha kwa ajili ya kupendeza kunaweza kuzaa takataka zaidi. Moduli nzuri inagawanywa pale chombo kinavunjika.

La pili: unaweza kupoteza kidogo kwenye ubora wa kazi. Hili lilituumiza kichwa kwenye kikundi, na sasa ninalifikia.

6. TULICHAGUA NINI

Muchuuzi mumoja alituletea proforma ya mashini iliyofungwa, ndugu ya ile ya chini ya mwembe. Inatumia mipira miwili kubana mupunga na kutoa ganda, na lazima niseme ukweli: inatoa muchele muzima, hauvunjiki sana. Bei yake ilikuwa chini ya ile ingine kwa bei ya mbuzi tatu.

Upande mwingine: kinu cha namna ya Engelberg, mufano uliotoka Brazili katika karne ya 19, chuma kinachozunguka ndani ya chekecheke. Kinavunja muchele zaidi, na kinachanganya ganda na pumba. Lakini kiko na sehemu tatu tu zinazoisha: chekecheke, kisu, na chuma cha kuzunguka. Zote zinatoka kwa bulo. Chekecheke, fundi wa Kasongo anaweza kuitoboa mwenyewe kwenye bati nene. Na motere yake iko inje, peke yake, imeunganishwa na mukanda.

Ile motere tuliyofikiria ni ya mazutu, silinda moja, mufano wa Kichina S195, nguvu ya farasi 12, mizunguko 2000 kwa dakika. Viwanda vingi vya China vimeiunda kwa mufano uleule, kwa hiyo piesi za mumoja zinasaidia mwingine.

Sasa angalieni uzuri wa kiungo. Kati ya motere na kinu hakuna kitu kingine ila mukanda na puli mbili. Puli ya motere iko na upana wa sentimetre 12. Kinu kinataka karibu mizunguko 800. Hesabu: 2000 mara 12, ni 24000. Gawanya kwa 800, unapata 30. Kwa hiyo puli ya kinu iwe ya sentimetre 30. Basi.

Msimu wa mupunga ukiisha, motere hailali. Dinamo ya mizunguko 1500 inataka puli gani? 24000 kwa 1500, ni sentimetre 16. Jioni tunachaji telefone na taa za kijiji. Mashini ya kukuna muhogo pia itapata puli yake kwa hesabu ileile. Motere moja, kazi tatu, pahali pa motere tatu. Chuma kidogo, mafuta kidogo ya kumwaga, na chombo kimoja kikivunjika vingine havikai njaa.

Na kuko jambo lingine linalonifurahisha kuliko yote. Mazutu ni ghali na inachafua hewa, hatuwezi kuificha. Lakini siku tutapata umeme wa jua wa kutosha, ao wa maji, tutatoa mukanda kwenye motere ya mazutu na kuufunga kwenye motere ya umeme. Kinu hakitajua hata tofauti. Mashini iliyofungwa ingetulazimisha kutupa vyote.

Kwenye mukutano, wazee walitaka ile ya bei ndogo na muchele muzima. Walikuwa na haki: muchele uliovunjika unauzwa bei ya chini. Mama mumoja, mwenye shamba kubwa kuliko sisi wote, akasema: "Muchele wangu uliovunjika ninaula. Mashini iliyovunjika, ninaila?" Watu walicheka, kisha wakanyamaza, wakahesabu miezi waliyotwanga kwa mikono. Tukachagua kinu cha mukanda.

Yule mama alituongezea sharti moja, na ni la akili kuliko yote niliyosoma: mbele mashini haijafika, tununue sanduku ya piesi. Mikanda miwili, chekecheke mbili, kisu kimoja, rulema mbili zenye namba zilizoandikwa kwenye daftari. Na kijana mumoja wa kijiji aketi na fundi siku ya kuifunga, aifungue na aifunge tena mbele yetu. Mutu asipoweza kuifungua pale, hatupigi saini.

7. MASWALI YA KUBEBA MUFUKONI

Kule Ulaya serikali zimeanza kuuliza kwa niaba ya mununuzi. Ufaransa, mwaka 2021, ilianza kutaka telefone na vyombo vingine viandikwe alama inayoonyesha kama vinatengenezeka. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, batri za vyombo vingi vidogo ziweze kutolewa na mwenye chombo mwenyewe. Ni vizuri. Lakini mashini na taa zinazofika soko la Kasongo hazipiti mbele ya sheria ile. Kwetu, anayeuliza ni wewe. Basi uliza:

Sehemu gani itakufa kwanza, na inaweza kutoka peke yake?
Imefungwa kwa bulo na visi, ao kwa gundi na sudire?
Vipimo vyake ni vya watu wote, viko na namba, ao ni vya kiwanda kimoja?
Piesi iko soko gani, na inafika siku ngapi wakati wa mvua?
Nani hapa kijijini anaweza kuifungua?
Na ikifa kabisa, batri na mafuta vitaenda wapi?

Kama wewe ni wa ufundi, maswali haya ni kazi yako ya kuchora: mashini ya muhogo, kikausho cha samaki, kinyunyizio cha maji. Chora kwanza kiungo, kisha chombo. Kama wewe ni wa ONG, ao wa comité ya kijiji, ni kazi yako mbele ya saini.

Wazee wanasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini nimejifunza kwamba kuko vyombo vinavyochorwa ili usiufikie ufa. Unauona, unausikia, na mikono yako haifiki. Chombo cha namna ile, hata kikija na bendera na picha na vigelegele, kimekwisha kuzikwa siku ya kuzaliwa.

Ile ya chini ya mwembe hatujaiacha. Tumekubaliana na fundi wa kusude: kiangazi hiki atakata sanduku kwa moto, atoe motere na pepeo, na rulema atakazozikuta. Itatugharimu. Lakini motere ile ni nzima, na puli ya sentimetre 12 inaweza kuingia pale. Nitakuwa pale nikishika bashi, na nitauliza kila bulo namba yake.